Aggrey: Msomi ambaye hakulionea haya jembe

Mwalimu aliyewahi kuita majina ya wanafunzi katika shule za Kenya, hasa zile za magharibi mwa nchi, hakosi kukutana na jina Aggrey. Huenda ni la mvulana anayeketi nyuma ya darasa, na huenda ni la babu yake pia, aliyepewa jina hilo zamani za ukoloni. Mjini Dar es Salaam, katika eneo la Kariakoo, upo Mtaa wa Aggrey ambao wachuuzi na wanunuzi huupita kila siku. Hata hivyo, ukiuliza Aggrey alikuwa nani, aghalabu utajibiwa kwamba ni jina la Kizungu la ubatizo, mfano wa James au George. La hasha. Ni jina la Waafrika wa pwani ya nchi ambayo leo yaitwa Ghana, na aliyelileta huku kwetu ni mwalimu mmoja aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924, akakaa muda mfupi tu, kisha akaenda zake.

Namkumbuka mwalimu huyo wakati huu kwa sababu maalumu. Mwanzoni mwa mwaka 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia shule za sekondari pevu, na kila mmoja wao alitakiwa awe na mkondo wake: wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Katika orodha ya masomo ya kuchagua mna kilimo, sayansi kimu, useremala, ufundi wa vyuma, umeme na ujenzi. Haya ndiyo masomo yanayomwezesha kijana kujipikia, kujishonea, kupanda mboga zake, kutengeneza kitasa kilichoharibika na kuishi bila ya kumtegemea mtu kwa kila jambo dogo. Lakini hapa Eldoret, kama kwingineko nchini, mzazi akisikia kwamba mwanawe amechagua useremala au upishi, aghalabu jambo la kwanza analouliza ni iwapo mtoto ameshindwa na hisabati. Hofu hiyo haikuzaliwa jana. Ina historia yake, na maisha ya James Emman Kwegyir Aggrey yanaieleza historia hiyo vyema kuliko hotuba nyingi tunazozisikia.

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabo, kwenye pwani ya Gold Coast, miongoni mwa Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa na cheo kiitwacho okyeame katika baraza la mfalme wa mji huo. Okyeame ndiye msemaji wa mfalme. Maneno ya mfalme hupitia kinywani mwake, naye huyapamba kwa methali na kuyafikisha kwa raia, kisha huyapokea ya raia na kuyapeleka kwa mfalme. Waingereza wa Gold Coast walikitafsiri cheo hicho kwa neno lile lile wanalomwitia mwanaisimu. Sisi wenye taaluma hiyo twaweza kujivunia undugu huo wa jina, ijapokuwa kazi ni mbalimbali: mwanaisimu huichambua lugha, ilhali okyeame huitumia kuwapatanisha watu. Mtoto alirithi kipaji cha baba, na karibu maisha yake yote aliyatumia akiwa amesimama baina ya pande mbili zisizosikilizana.

Mwaka 1883 alibatizwa na kupewa jina la James, akasomeshwa na Wamethodisti mjini Cape Coast. Alikuwa hodari wa masomo kiasi kwamba alianza kufundisha akiwa bado kijana mdogo, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule mojawapo ya mji huo. Alishiriki pia katika kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kifante. Mwezi Julai 1898, akiwa na umri wa miaka 22, alipanda meli kwenda Marekani kujiunga na Livingstone College katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilikuwa cha kanisa la AME Zion, kanisa la Wamarekani weusi, ambalo lilitaka kuwasomesha vijana wa Kiafrika ili warudi kulitumikia bara lao. Aggrey alihitimu mwaka 1902. Hata hivyo hakurudi. Alibaki chuoni hapo akifundisha kwa takriban miaka ishirini.

Katika miaka hiyo alikuwa msomi wa vitabu hasa. Alifundisha Kiingereza na lugha za kale za Wayunani na Warumi. Mwaka 1905 alimwoa Rose Douglass, binti wa Virginia, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1912 alipata shahada ya uzamili, na tangu 1914 alizitumia likizo zake za kiangazi kusoma Columbia University mjini New York, akijikita katika elimu ya jamii na nadharia za elimu. Lau maisha yake yangeishia hapo, tungekuwa na profesa mmoja mwema wa chuo kidogo, na mtaa wa Kariakoo ungekuwa na jina lingine.

Kilichomgeuza Aggrey ni wakulima. Karibu na mwaka ule wa 1914 alikabidhiwa makanisa mawili madogo ya mashambani, Miller's Chapel na Sandy Ridge. Waumini wake walikuwa watoto na wajukuu wa watumwa. Kama ilivyokuwa desturi kusini mwa Marekani wakati huo, wengi wa watu wa namna yao walilima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, wakikopa mbegu na chakula kwa rehani ya pamba ambayo haijavunwa. Kila msimu deni lilikula mavuno, na mkulima akaanza upya akiwa na deni jingine. Aggrey angeweza kuwahubiria subira na kuwaahidi pepo. Badala yake alianza kuzungumza nao juu ya udongo na mbegu, juu ya usafi wa nyumba na afya ya watoto, juu ya kuweka hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, na juu ya kuungana katika ushirika wa akiba na mikopo ili waache kukopa kwa masharti ya kuwanyonga.

Tazama basi picha hii, msomaji. Mtu anayesoma Kiyunani bila ya taabu asimama mbele ya wakulima kuwaeleza habari za rutuba na za daftari la matumizi. Hakuiona kazi hiyo kuwa ya kumshusha hadhi. Wala hakukitupa Kiyunani chake ili aonekane mtu wa watu. Aligundua kwamba mtu asiyeweza kuiendesha nyumba yake, shamba lake na fedha zake hana uhuru hata akipewa kura, na kwamba elimu isiyomfikisha hapo imekatika njiani.

Ugunduzi huo ulimtia katika mjadala mkali uliokuwa ukiendelea miongoni mwa Wamarekani weusi. Upande mmoja alikuwapo Booker T. Washington, aliyekiongoza chuo cha Tuskegee huko Alabama tangu 1881 hadi alipofariki mwaka 1915. Washington aliamini kwamba watu waliotoka utumwani waanze na ufundi, kilimo na biashara, na kwamba heshima ya kisiasa ingefuata. Upande wa pili alikuwapo W.E.B. Du Bois, aliyeona kwamba watu wanaofunzwa kazi za mikono peke yake watabaki watumishi daima, na kwamba ni lazima wawepo wenye elimu ya juu kabisa watakaodai haki za wenzao. Wote wawili walikuwa na hoja. Aggrey alikataa kuchagua upande. Mwili wake na akili yake vilikuwa ushahidi kwamba mtu mmoja aweza kuyabeba yote mawili.

Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes wa New York uliunda tume ya kuichunguza elimu katika Afrika, chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones. Aggrey aliteuliwa kuwa mjumbe, na ndiye pekee aliyekuwa Mwafrika. Tume ilizuru Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini, na Aggrey akaiona tena nchi ya kwao baada ya zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1924 tume ya pili ilielekezwa Afrika Mashariki na ya Kati, naye akateuliwa tena.

Inafaa tukumbuke Kenya aliyoikuta. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Machi 1922, polisi walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Wanaume Waafrika walikuwa wakivaa kipande shingoni. Huku Uasin Gishu ardhi ilikuwa imegawiwa walowezi, wengi wao Makaburu walioanza kuwasili kutoka Afrika Kusini mwaka 1908, na mwaka huo huo wa 1924 reli ilifika Eldoret ili kuyabeba mazao ya mashamba yao. Mwafrika alijulikana kama kibarua, na elimu ya ufundi aliyopewa katika shule za misheni ilithaminiwa na walowezi kwa sababu iliwapatia maseremala, waashi na wapishi wa bei rahisi.

Katika nchi ya namna hiyo akatokea Mwafrika mwenye shahada, akiketi katika tume moja na Wazungu, akizungumza Kiingereza kilichowapiku wengi wa maafisa waliompokea. Watu walimiminika kumsikiliza. Aliwaeleza kwamba kinanda kina vibao vyeupe na vyeusi, na kwamba mwenye kutaka sauti kamili hana budi kuvipiga vyote. Kisa chake kilichoenea kuliko vyote ni kile cha tai aliyelelewa na kuku hadi akasahau kuruka, mpaka siku alipopelekwa mlimani akaelekezwa kwenye jua linalochomoza, akayakunjua mabawa. Waliomsikia na waliosimuliwa walirudi nyumbani, na wengi wao walipojaliwa watoto wa kiume wakawaita Aggrey. Jina likaenea kwa njia hiyo, bila ya amri ya serikali wala ya kanisa.

Mapendekezo ya tume yenyewe yalikuwa ya aina nyingine. Wajumbe walisema kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijiji: afya, kilimo, ufundi mdogo mdogo, matunzo ya nyumba na matumizi mema ya wakati wa mapumziko. Tunda lake la kwanza nchini Kenya lilikuwa Jeanes School, iliyoanzishwa Kabete mwaka 1925 kwa msaada wa Carnegie Corporation ya Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume hiyo. Jina la shule lilitokana na Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za mashambani za Wamarekani weusi.

Mwalimu atafaidika akiichunguza shule hiyo kwa makini, maana ilikuwa na mambo ambayo hata leo hatujayafikia. Mwanafunzi hakuja peke yake. Walimu waliochaguliwa walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, wakaishi katika nyumba zilizojengwa kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, kila familia na bustani yake. Mume alijifunza namna ya kuzizungukia shule ndogo za vijijini na kuwasaidia walimu wake, na mke alijifunza lishe, ulezi wa watoto, usafi na ushoni. Nyumba waliyoishi ndiyo iliyokuwa darasa. Waliporudi kwao hawakuwa na haja ya kuhubiri sana. Jirani aliona choo kilichochimbwa, mboga zilizopandwa na mtoto mwenye afya, akauliza. Mahali ilipokuwa shule hiyo leo pana Kenya School of Government, ambako maafisa wa serikali hufunzwa utawala. Sijui kama kuna anayewaeleza kwamba pale walipo palifundishwa namna ya kujenga jiko na kumlisha mtoto.

Pamoja na uzuri huo, wazazi wengi wa Kenya hawakuitaka elimu ya aina hiyo kwa watoto wao, na ni kosa kudhani kwamba walikuwa wajinga. Waliona kwamba watoto wa walowezi hawakufundishwa kufyatua matofali. Waliona kwamba karani alilipwa vizuri kuliko seremala na kwamba hakimu hakuchaguliwa miongoni mwa waashi. Mwaka 1926 Alliance High School ilipofunguliwa Kikuyu, upesi ilidhihirika kwamba njia ya kufikia vyeo ilipita kwenye Kiingereza na hesabu. Waanzilishi wa shule huru za Wakikuyu katika miaka iliyofuata walidai elimu ile ile waliyopewa Wazungu, nao walikuwa na haki. Hata Marekani kwenyewe, Du Bois aliishutumu tume ya Phelps-Stokes kwa kuwapimia Waafrika elimu ya kuwaweka chini. Kasoro haikuwa katika jembe wala katika randa. Ilikuwa katika ukweli kwamba vitu hivyo viliwekwa mikononi mwa watu wa rangi moja ili wasiinuke.

Je, Aggrey aliliona hilo? Waliomshutumu walisema kwamba alikuwa mpole mno, na kwamba wakoloni walimpenda kwa sababu aliwatuliza watu. Shutuma hiyo ina chembe ya ukweli. Lakini jibu lake alilitoa kwa vitendo, katika shule aliyosaidia kuiasisi nyumbani kwao. Mwaka 1924 gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, ambaye kwa taaluma alikuwa mhandisi wa jeshi, alimteua Alec Fraser kuwa mkuu wa chuo kipya cha Achimota karibu na Accra. Aggrey akawa msaidizi wa naibu mkuu. Watu wa pwani, waliokuwa na mawakili na madaktari wao tangu karne ya 19, walishuku kwamba serikali inataka kuwaletea shule ya vibarua. Aggrey alizunguka nchi akiwaeleza, kwa ufasaha ule wa okyeame, kwamba Achimota haitakuwa hivyo.

Na kwa hakika haikuwa hivyo. Chuo kilifunguliwa rasmi mwezi Januari 1927. Kilikusudiwa kumchukua mtoto kutoka shule ya chekechea hadi kiwango cha chuo kikuu. Wavulana na wasichana walisoma pamoja, jambo ambalo Aggrey alilipigania kwa kuwa alishikilia kwamba kumwelimisha mwanamke ni kuielimisha jamii nzima. Lugha za wenyeji zilifundishwa pamoja na Kiingereza. Shamba na karakana vilikuwa sehemu ya chuo sawa na maabara na maktaba, na aliyeshika jembe asubuhi ndiye aliyefanya mtihani wa sayansi mchana. Nembo ya chuo ikawa ni vibao vyeupe na vyeusi vya kinanda. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Huku Kenya kazi za mikono zilikuwa zimewekwa katika shule moja, na elimu ya vyeo katika shule nyingine. Achimota iliziweka chini ya paa moja, kwa watoto wale wale, na mlango wa juu ukaachwa wazi.

Aggrey hakuishi kuyaona matunda. Katikati ya mwaka 1927 alisafiri kwenda Uingereza na Marekani, akinuia kumaliza tasnifu yake ya udaktari katika Columbia. Aliugua ghafla mjini New York, akafariki tarehe 30 Julai katika hospitali ya Harlem, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury, mji alikokuwa amefundisha. Miongoni mwa wanafunzi waliomlilia Achimota alikuwamo kijana Kwame Nkrumah, ambaye miaka thelathini baadaye aliiongoza Ghana kupata uhuru. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria naye alikuwa amevutiwa naye tangu alipomsikia Lagos. Na nchini Uganda, katika miaka ya 1930, Ernest Balintuma Kalibala alirudi kutoka masomoni Marekani akaanzisha shule iliyopewa jina la Aggrey Memorial.

Nimeyasimulia maisha haya kwa kirefu kwa sababu tumekwisha kulijaribu jambo hili mara moja, tukalikosea. Tume ya Mackay ya mwaka 1981, ile ile iliyopendekeza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili ambacho baadaye kilikuwa Moi University, ilizaa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Nia ilikuwa njema: kila mtoto ajifunze kilimo, sanaa na ufundi, sayansi kimu na biashara. Wazazi walichangishwa kujenga karakana na vyumba vya upishi. Lakini walimu wa masomo hayo walikuwa wachache, vifaa vikakosekana, na mtihani wa kitaifa ukayageuza masomo ya mikono kuwa ya kukariri. Si siri kwamba kulikuwa na watoto walionunua vikapu na vijiti vya kupikia sokoni, wakavipeleka kusahihishwa kana kwamba wamevitengeneza wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya aina hiyo yaliondolewa katika mitihani ya shule za msingi, na mara yalipoondolewa mtihanini yakaondoka pia katika ratiba na katika heshima.

Matokeo twayaona sisi tunaofundisha vyuo vikuu. Kila mwaka hutujia vijana wenye alama za kupendeza, ambao hawajawahi kupika wali, hawajui kushona kifungo kilichokatika, na ambao mkopo wa masomo huwaishia kabla ya muhula kufika katikati kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kuipanga shilingi. Wengine hutia saini mkataba wa nyumba bila ya kuusoma. Vijana hao si wavivu, na kuwacheka ni kuwaonea. Walikaa shuleni miaka kumi na miwili, mingi ya miaka hiyo ya sekondari wakiwa bwenini, wakipikiwa, wakigongewa kengele, wakiamuliwa kila kitu. Siku moja wakaachwa huru, na uhuru wenyewe hawakuwa wamefunzwa.

Neno hilo kufunzwa linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili, fundi na mwanafunzi wametoka katika shina moja. Kufunda, kufunza, kufundisha, mafunzo, mkufunzi, fundi na ufundi ni ndugu. Wahenga wa pwani waliposema mwari amefundwa, walikuwa na maana kwamba amekalishwa na kungwi akaelezwa namna ya kuishi: mwili wake, nyumba yake, mwenzi wake na jirani zake. Lugha yetu haikujua utengano baina ya anayesoma na anayejua kufanya. Utengano huo tuliupokea kutoka nje, tukauzoea, na leo twamwita seremala fundi kwa sauti ya kumshusha, ilhali jina hilo maana yake ya asili ni mtu aliyefunzika.

Kwa hiyo nayasema haya kwa wale wanaoupanga mtaala na kwa walimu wenzangu. Kwanza, stadi za kuishi zisiwe za kuchagua pekee. Ni vyema anayetaka kuwa mhandisi wa ujenzi au mpishi wa hoteli awe na mkondo wake. Lakini kujipikia, kupanga matumizi, kumhudumia mgonjwa, kupanda mboga, kutengeneza kilichoharibika na kuusoma mkataba ni mambo ya kila mwanafunzi, awe atakuwa daktari wa upasuaji au mwimbaji. Somo likiwekwa kwa ajili ya wale tu wasioweza mengine, tumerudia Kenya ya mwaka 1924, safari hii tukiwabagua watoto kwa alama badala ya rangi.

Pili, wavulana na wasichana wajifunze yote. Sayansi kimu si ya kumwandaa mke, na umeme si wa kumwandaa mume. Tatu, stadi hizi zisipimwe kwa kalamu. Mkate hupimwa kwa kuliwa, na meza kwa kuegemewa. Nne, shule zisingoje karakana za mamilioni. Mji wa Eldoret umejaa mafundi wa jua kali, washonaji, wauguzi waliostaafu na wakulima hodari. Mtaala tayari una nafasi ya mafunzo ya huduma kwa jamii. Mwalimu mkuu mwenye kuthubutu aweza kuitumia nafasi hiyo kuwaalika watu hao shuleni, au kuwapeleka wanafunzi kwao, na kuwapa mafundi hao heshima ya kuitwa walimu.

Tano, na hili ndilo zito, shule zenye sifa kubwa zitangulie. Shule ambazo kila mzazi anazililia zikilima na kupika, hakuna atakayeona kulima na kupika kuwa alama ya kushindwa. Shule za kutwa za mitaani zikiachiwa peke yake kazi hiyo, wazazi watazikimbia, kama walivyofanya babu zao, na kwa sababu zile zile.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, pengine ukiitwa Aggrey, usikubali kuambiwa uchague baina ya kitabu na jembe. Aliyekuachia jina hilo alijua lugha za kale na akajua pia bei ya mbolea. Jumamosi hii, ukiwa nyumbani, mwombe mama au baba akuachie jikoni peke yako, na umpikie yeye kwanza.